Kikombe Nilichokiacha Jangwani

Mama yangu alikuwa akifunga kila Ijumaa, na kufunga kwake ni kule tunakoita kufunga kavu: hali, hanywi hata tone la maji mpaka jua lizame. Na kiangazi cha Uswidi jua halina haraka ya kuzama! Alifunga kwa ajili ya kaka yangu, kifungua mimba wake, aliyetoka nyumbani Bukavu asubuhi moja wakati wa vita kumtafutia baba dawa, asirudi. Maiti hatukuiona, habari hatukuzipata. Tulipofika Stockholm tukapewa nyumba kule Norsborg, mwisho wa njia nyekundu ya treni, mama alitundika picha yake sebuleni kabla hata ya mapazia. Tukafunga pamoja, yeye na mimi.

Mkali wa jambo hilo nilikuwa mimi. Mgeni aliyeteleza ulimi akasema "marehemu" nyumbani kwetu hakumaliza soda yake. Nilimwuliza pale pale, "Marehemu wa nani? Ulimzika wewe?" Mama alitazama chini tu, nami nikadhani ananiunga mkono.

Kisha kanisa letu, lililosali katika ukumbi wa kupanga Jumapili mchana baada ya Waswidi kumaliza ibada na kahawa yao, likaandaa safari ya Nchi Takatifu. Pasta alisema tutafika nyika ile alikofunga Bwana, na mwenye neno zito alibebe. Mungu wangu, nilivyofurahi! Nilimwambia mama, "Huko ndiko atakakotujibu." Mama akaitazama picha ukutani, akasema, "Haya, twende."

Nilidhani jangwa ni mchanga. Kumbe ni mawe, vilima kwa vilima vya rangi ya mkate ulioungua, na joto linalokuingia mpaka kwenye fizi. Tulifika nyika ya karibu na Yeriko siku ya Ijumaa, kama nilivyoomba. Ndani ya basi pasta alitusomea habari za Hajiri, jinsi maji yalivyomwishia jangwani, akakaa mbali asimwone mtoto wake akifa. Halafu akatuomba tunywe maji, hasa wazee. Nilimjibu mbele za watu kwamba Bwana hakugawiwa chupa ya maji huko nyikani. Midomo ya mama ilikuwa imepasuka.

Mchana tulisimama kwenye hema la Mabedui wanaokaribisha wageni. Wenzetu waliingia ndani, sisi wawili tukakaa pembeni kivulini. Akatujia mwanamke mzee, nguo nyeusi mpaka chini, na birika mkononi. Akamnyooshea mama kikombe. Mama akaweka mkono kifuani, akakataa kwa heshima. Yule mzee hakuondoka. Alichuchumaa, akamtazama mama usoni kwa muda, kisha akanyoosha vidole vyake, akaonyesha kimo cha mtoto, mwingine, na mwingine. Wanawe. Halafu akakunja kidole kimoja, akagusa ardhi.

Mama alikitazama kile kidole. Polepole akanyoosha vidole vyake mwenyewe, akakunja dole gumba, akalifunika kwa mkono wa pili. Akapokea kikombe, akanywa.

"Mama! Leo Ijumaa!"

"Mwanangu, kwetu nani anakataa chai ya matanga?"

"Matanga ya nani?" Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka hemani.

Hakutaja jina. Yule mzee alikuwa amekwisha kunimiminia na mimi, kikombe kiko mkekani mbele yangu. Mama akapiga-piga mkeka kwa kiganja. "Kaa hapa. Kunywa na miye."

Nikamwambia, "Wewe umechoka naye. Mimi sijachoka." Maneno hayo nilimwambia mama yangu mzazi, jamani. Nikakiacha kikombe, nikarudi kwenye basi. Dirishani nilimwona akilia kwa sauti, ameshikwa mabega na mtu asiyejua hata jina lake.

Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda kwamba kaka yuko njiani. Watu wakaitikia amina. Mama hakufunga tena. Ijumaa alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaandaa sahani mbili, nami nikampita kwenda chumbani kwangu kuomba, mlango nimefunga. Mara moja tu aliniuliza kama kanisa lingeweza kutukalia matanga, hata siku moja. Nikamwambia siku hiyo mimi nahama. Hakuuliza tena.

Badala yake akapenda kufua. Kila Ijumaa alijiandikishia zamu ya chumba cha kufulia, kule chini ya jengo, akashuka na shuka ambazo hata hazijachafuka. Nilimgombeza: "Utazimaliza shuka kwa kuzifua, mama!" Akacheka kidogo, akabeba kikapu chake. Hivyo hivyo miaka, mpaka moyo wake ulipokataa.

Baada ya mazishi watu walikuja kukaa nasi. Jirani mmoja, mama wa Kiganda wa ghorofa ya pili, alinishika mkono akasema, "Tutakosa nyimbo zake kule chini."

"Nyimbo gani?"

Akashangaa. "Za kumlilia kaka yako. Aliwasha mashine zote ndipo alie. Alisema nyumbani kuna mtu hapendi kusikia. Tulikuwa tunashuka kukaa naye, tunambebea chai."

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja ameshaota meno. Nilikwenda jangwani kumlazimisha Mungu, na nilikuwa nimesomewa asubuhi ile ile kwamba mama aliyelia nyikani alionyeshwa kisima. Hakuambiwa afunge. Mama yangu alikiona kisima chake, mimi nikakikalia juu. Akamzika mwanawe kati ya mashine za kufulia, majirani wamemzunguka, na binti yake juu, mlango amefunga, akiomba kwa bidii.

Yule jirani alifungua chupa yake ya chai, akanimiminia kikombe. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilikunywa chote, na ilikuwa chai ya matanga ya watu wawili, lakini aliyeniambia "kunywa na miye" hakuwepo.