Aya Aliyoiondoa Aline

CV za wanachuo wa ualimu pale Kasulu zinafanana kama sare za shule. Wote ni wachapakazi, wote wanajituma, wote hupenda kusoma vitabu, hata yule ambaye kitabu cha mwisho alikishika kwa kuogopa mtihani. Raymond wa steshenari anazo zote kwenye kompyuta yake: anabadilisha jina, anaweka picha, anachapa. Ya Aline Hatungimana tu ndiyo iliyokuwa na aya moja ya kweli.

Aya hiyo ilieleza kwamba baada ya kidato cha nne, akikaa kwa shangazi yake Kibondo, Aline alifundisha darasa la awali katika kambi ya wakimbizi kwa miaka miwili. Watoto wale walikuja hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Aline, ambaye kwao huzungumzwa Kirundi, aliwafundisha mpaka wakawa wanabishana naye kwa Kiswahili. Mkufunzi wake alimwambia aiweke juu kabisa, kwani kulikuwa na shule binafsi mjini iliyokuwa inatafuta mwalimu mmoja wa awali, na mwenye uzoefu kama huo wasingemwacha. Aline aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Mwisho wa juma alikwenda kwao Kagerankanda, akamsomea baba yake. Mzee Hatungimana alizaliwa hapo hapo. Aliyetoka Burundi ni babu, naye alikufa raia wa Tanzania, cheti cha uraia kikiwa sandukuni. Lakini Tharsisi, kaka yake Aline, aliwahi kuteremshwa kwenye basi la Kibondo kwa sababu ya jina lake la Kirundi, akalala mahabusu mpaka baba alipofika na cheti kile. Mzee alisikiliza vizuri mpaka lilipotajwa neno kambi.

"Mwanangu, jina lako peke yake linawatosha kukushuku," alisema. "Usiwaongezee na kambi."

Aline alikasirika mno, kwa sababu alijua baba hakukosea. Na nani wa kumlaumu mzee? Mtu aliyekwenda kumtoa mwanawe mahabusu akiwa na cheti mkononi ana haki ya kuogopa.

Jumatatu, steshenari, alimwambia Raymond aifute. Pembeni yake alikaa Careen, rafiki yake wa bwenini, binti wa daktari aliyehamishiwa Kibondo kutoka Mbeya. CV ya Careen haikujaza hata nusu ukurasa, na kambini hakuwahi kukanyaga.

"Unaitupa kweli?" aliuliza Careen. "Basi nipe mimi, mwenzangu. Kwangu haina shida."

Hakusema kwa ubaya. Kwenye jina lake kambi ingesomeka kuwa ni moyo wa kujitolea, na hakuna ambaye angemuuliza babu yake alizaliwa wapi. Tena alikuwa akisema ataomba kazi kwao Mbeya, mbali kabisa. Aline akamwambia achukue. Raymond akaikata huku, akaibandika kule, akaendelea na mteja mwingine.

Siku ya usaili Aline alimkuta Careen kwenye benchi. Daktari alikuwa amemkataza binti yake kwenda mbali.

Mwalimu mkuu, Bi Mwanaamina, mama mpole wa kutoka Tanga, alimweleza Aline kuwa watoto wengi huanza shule wakijua Kiha tu, lugha ya wenyeji. Akamuuliza kama amewahi kufundisha watoto wasiojua lugha ya darasani. Aline aliitazama karatasi mikononi mwa mama yule. Angesema ndiyo, angeulizwa mbona haimo humu, na nini kingine amekificha.

"Hapana, mwalimu," alisema.

Kazi akaipata Careen. Aline alilia stendi mbele za watu. Alimchukia baba yake, akamchukia Careen, na zaidi ya wote akajichukia yeye mwenyewe.

Muhula ulipoanza alikuwa Kagerankanda anang'oa maharage, simu ikaita. Careen alinong'ona kutoka darasani. Kuna mtoto amelia tangu asubuhi, anasema maneno ambayo yeye hayaelewi, na mwalimu mkuu ameshapita mlangoni mara mbili akitazama. Kule kambini, aliuliza, mlikuwa mnafanyaje?

Aline alitaka kukata. Lakini alimsikia mtoto mwenyewe akimwita mama yake.

"Mwekee simu sikioni," alisema.

Akazungumza naye kwa Kiha, kinachokaribiana sana na Kirundi cha kwao, taratibu, jinsi alivyokuwa akizungumza na wale wa kambini. Kumbe alibanwa na haja, hakujua aombeje ruhusa, na sasa alikuwa amejichafua na anaona aibu. Aline alimwambia si kosa lake. Akamfundisha neno la Kiswahili la kuombea ruhusa, wakalirudia pamoja mpaka kilio kikaisha.

Kabla simu haijakatika ilisikika sauti ya Bi Mwanaamina aliyekuwa amerudi, karibu kabisa.

"Hongera, Mwalimu Careen. Aliyefundisha kambini anajulikana tu."

"Asante, mwalimu," Careen alijibu.

Aline akazima simu, akaendelea kung'oa maharage.