Walio Hai Hupakwa Nyekundu

Siku ya kwanza Mzee Fong hakunipa tindo. Alinipa bomba la maji. Ilikuwa mwaka 2015, karakana ya Doornfontein, mjini Johannesburg, nyuma ya jengo la mafundi viatu. Mimi Salimu Kombo, mtu wa Tanga, darasa la nne, nilikuja na shati safi nikidhani nitafundishwa kuchonga. Akaniambia, "Leo unanywesha mawe. Jiwe halikatwi likiwa na kiu."

Nyinyi vijana mnaodhani kazi ya makaburi ni kubandika picha ya marehemu kwenye marumaru, nisikilizeni. Sisi tulichonga mawe ya makaburi ya Wachina. Sisemi hawa waliokuja juzi na makontena ya viatu. Nasema wale wa zamani, ambao babu zao waliifuata dhahabu ya Johannesburg wakakatazwa kuichimba, wakafungua vijiduka. Mzee Fong alizaliwa humu humu mjini, naye ndiye alikuwa Fundi Mkuu na mwenye karakana. Alipenda kusema, "Wazungu walituambia si weupe. Weusi wakatuambia si weusi. Hata makaburini tulipewa kona yetu. Basi hiyo kona tutaiandika vizuri."

Kazi ilikwenda hivi. Mzee aliandika jina kwa brashi kwenye karatasi, tukaibandika juu ya jiwe, tukafuata mstari kwa tindo na nyundo ndogo. Maandishi yao sikuyajua hata moja. Lakini alinifundisha kila herufi inaanzia wapi na kuishia wapi, juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, na akanikanya: "Usifuate umbo. Fuata mkono ulioandika." Jina la ukoo linatangulia, la mtu linafuata, kwa sababu kwao mtu ni mtoto wa watu kwanza, ndipo awe yeye.

Mume na mke huandikwa jiwe moja, majina yote mawili kwa mara moja, hata kama mmoja bado anapumua. Aliyekufa jina lake hupakwa dhahabu. Aliye hai hupakwa nyekundu. Siku naye akifuata, fundi anakwenda kuikwangua nyekundu na kuweka dhahabu. "Ukimpaka dhahabu aliye hai," Mzee alisema, "umemfukia anapumua."

Nilijifunza nikawa fundi wa rangi. Mwenzangu Kabongo, wa Lubumbashi, alikuwa mkataji wa mashine, mikono yake kama koleo. Kila mwezi wa nne familia za Kichina huenda kufagia makaburi ya wazee wao, na sisi tulikwenda nao kurekebisha rangi zilizobabuka. Walikuja na machungwa, chai, na nguruwe mzima wa kuoka, wakawakaribisha marehemu kwanza ndipo wakala wao. Kabongo alijaza sahani yake na kunichokoza, yaya kwao ikiwa ni kaka mkubwa: "Yaya Salimu, kula tu, Mungu wako leo iko bize." Mimi nilikula machungwa. Zilikuwa siku nzuri, na sikujua.

Mwaka 2017 Mzee Fong alifariki. Karakana ikashikwa na Wesley, mume wa binti yake. Namtaja: Wesley, Meneja, mtu wa suti ambaye hajawahi kushika tindo. Wiki ya kwanza akafunga maji. Alisema tope linachafua gari lake, na tukitaka kuosha tuoshe mwishoni. Nyapara wetu, Petrus, namtaja na yeye, ndiye alifunga koki kwa mkono wake na ufunguo akauweka mfukoni. Tukawa tunakata jiwe kavu. Vumbi lilijaa mpaka ukimwita mwenzio humuoni.

"Yaya, sasa tunakula mawe kama bukari," Kabongo alisema, maana ugali wao huuita hivyo. Kikohozi chake kilikuwa kimeanza. Alikwenda kwa Meneja mara tatu kudai maji. Mara ya tatu aliiweka mashine chini akasema hakati tena jiwe lenye kiu. Wesley akamtazama tu. Yale macho niliyaona.

Mimi sikwenda hata mara moja. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimekwisha muda, Wesley alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Kisha likaja jiwe la Mzee Fong mwenyewe. Kabongo alilichonga bila mashine, kwa tindo tu, jina la Mzee na jina la Mama Fong, mjane wake. Akanikabidhi nipake. Nyapara Petrus akaja: "Meneja anasema dhahabu yote. Nyekundu imeisha, hatumi mtu kununua."

"Petrus, mama yuko hai."

"Eish, Salimu, kwani anakuja kusoma jiwe kila siku? Paka."

Nikapaka. Brashi ilikuwa mkononi mwangu, si mkononi mwa Wesley. Kabongo alisimama nyuma yangu akasema polepole, "Yaya, umemuua mama."

Nikamjibu, "Si mimi. Ni Meneja."

Mwezi wa nne 2018, Mama Fong alikuja kufagia kaburi la mumewe. Wanawe walimshika mikono huku na huku, Wesley akifuata nyuma. Mimi na Kabongo tulisimama pembeni na ndoo zetu kama kawaida. Mama akaweka machungwa, akainua macho, akaliona jina lake linameta kwenye jua. Hakupiga kelele. Alijigusa shavu, kama mtu anayehakikisha. Halafu akauliza, "Nani amenizika?"

Wesley hakumeza hata mate. "Ni Kabongo, Mama. Yule Mkongo. Mkaidi, nimemuonya sana."

Mama Fong alinigeukia mimi, kwa sababu mumewe alikuwa akinisifu kwake. "Salimu. Ni kweli?"

Vijana, hapo ndipo kazi yangu iliishia, ingawa nilichonga mwaka mmoja zaidi. Nilitazama viatu vyangu. Kabongo alinitazama mimi. Alisubiri. Alipoona sisemi, akacheka kidogo, akakohoa, akaweka ndoo chini akaondoka. Nyekundu ikapatikana siku hiyo hiyo. Nikaikwangua dhahabu, nikapaka nyekundu, mama ameketi kwenye kiti ananiangalia.

Kabongo alifukuzwa. Nilikwenda kumuona Yeoville mara mbili, mke wake Mama Thérèse alikuwa akisuka watu nywele barazani, Kabongo mwenyewe ndani anakohoa. Hakunilaumu. Alizungumza habari za mpira. Majira ya baridi yaliyofuata akafa. Kaburi lake lilikuwa udongo na kibati cha namba.

Mwaka 2019 kifua changu kiligoma. Daktari wa kliniki alipiga picha, akauliza nimefanya kazi gani, akasema mapafu yamejaa vumbi la mawe. Nilikuwa na miaka hamsini na moja. Huko ndiko kustaafu kwangu: hakuna keki, hakuna hotuba. Petrus alinifungulia geti, basi.

Niliondoka na kipande cha graniti kilichobaki, nikakaa nacho chumbani Joubert Park. Nilikinywesha maji. Nilichonga siku nyingi, kwa sababu nikipiga tindo mara kumi napumzika. Nikaandika kama alivyonifundisha Mzee, ukoo kwanza: Kabongo, kisha jina lake. Nikapaka dhahabu. Chini yake, kwa herufi ndogo, nikachonga langu. Nikalipaka nyekundu.

Mimi na Mama Thérèse tulikodi bakkie, pikapu ya mizigo, tukalisimamisha jiwe kaburini kwa Kabongo. Alilisafisha kwa khanga yake. Akaona.

"Salimu, hili jina lako linafanya nini kwa bwana yangu?"

Nikamwambia yote. Maji, Wesley, Petrus, brashi, viatu vyangu. Nikamweleza na maana ya rangi: kwamba huyu wa pili bado yuko hai, bado anaweza kuulizwa. Nilidhani atanipiga, nami nilitaka anipige.

Mwenye bakkie akapiga honi. Mama Thérèse akajifunga khanga kiunoni.

"Liache," akasema. "Lakini siku utakufa, mimi sikuji na dhahabu."