Kanjo na Simu Iliyolia Kibandani

Leo nimeona askari wa kanjo, wale wa jiji, akimbembeleza mama wa mandazi, na bado mbavu zinaniuma.

Asubuhi walikuja mtaani kwetu Laini Saba kubomoa vibanda. Wakaanza na cha Mama Mwende. Mabati yake bado yana masizi ya zile fujo zilizochoma vibanda, amejenga upya juzi tu.

Mama akatoka na oda ya korti: kanjo wasibomoe mpaka kesi iishe.

Kiongozi wao akaisoma, watu wakimwangalia.
Aibu ikamshika.
Akaamua kuwa wakili.

"Sawa. Korti inataka kibanda kibaki vile kiko. Basi hakuna mtu kuingia. Hata wewe, mama."

Akasimama mlangoni, mikono nyuma.
Mandazi ndani, sisi nje na njaa yetu.

Sasa, huyu jamaa anaishi hapo mtaa wa Raila. Na watu wa Raila huacha simu zao kwa Mama Mwende zichajiwe.

Simu ikalia ndani.
Ikanyamaza. Ikalia tena.
Jamaa akajipapasa mifuko.

"Mama, hiyo ni yangu. Ni bosi anapiga."

Mama akakalia jerikeni. "Pole, kijana. Korti imesema hakuna mtu kuingia."

Ikalia tena. Jamaa akasonga kando, sauti chini kabisa: "Ingia tu, mama."

Mama akaingia. Akanawa mikono. Akaanza kuuza mandazi.
"Wa simu apange laini kama wengine."

Jamaa alikuwa nyuma yangu kwenye laini.

Semeni ukweli, nyinyi mngeharakisha? Mimi nilichagua mandazi moja moja, kama mtu anayechagua bibi wa kuoa.