Nusu ya Hadithi ya Wayunani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nasikia siku hizi mkitaka habari za miungu ya Wayunani na Warumi mnabonyeza simu, zinakuja zote na picha juu. Vizuri. Mimi ilinichukua msimu mzima kupata nusu ya hadithi moja, na niliitafuta kwa miguu. Shule yangu ni miaka miwili ya kanisani na mafundisho ya kipaimara, basi. Kwa hiyo msinisahihishe. Someni.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Mume wangu alikuwa Tanga kwenye mkonge, amekwenda kwa mkataba kama wanaume wengi wa kwetu. Nilibaki na wifi zangu wawili, wasichana wakubwa, katika kijiji kilicho kati ya Njombe na Makambako. Nilikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka minne. Baridi ya Julai ilimchukua. Siku tatu alikataa uji, ya nne hakuamka. Watu walizika, wakala, wakarudi makwao. Zamani waliniita mama wa fulani, kwa jina lake. Haikupita wiki mbili wakaacha, nikawa "we mama". Mtu akiita hivyo mlangoni nilichelewa kujua kuwa ni mimi.

Mwezi wa tisa nilikwenda Makambako kuuza maharage, nikanunua chumvi. Mwenye duka aliifunga kwa karatasi ya kitabu, kama walivyofanya wote. Nyumbani niliimwaga chumvi chunguni nikaisoma ile karatasi. Ilikuwa ya Kiswahili. Ilisema Wayunani wa kale walikuwa na mungu wa kike wa mazao, naye alikuwa na binti mmoja. Binti alikuwa akichuma maua, ardhi ikapasuka, mungu wa kuzimu akatoka na gari la farasi, akamchukua. Mama akazunguka dunia nzima, hali, haogi. Mwisho akasema: hakuna mbegu itakayoota mpaka mwanangu arudishwe.

Hapo karatasi iliisha. Niliigeuza, nikaigeuza tena. Pande zote mbili nilikuwa nimezimaliza.

Niliamua sitapanda mpaka nijue kama yule binti alirudi. Sikuwa na wazimu. Nilijua yule si wangu. Lakini jembe lilikuwa halishikiki, na karatasi ile ilinipa sababu.

Nikarudi Makambako, mwendo wa kuanzia alfajiri mpaka jua la utosi.

"Kile kitabu ulichofungia chumvi kiko wapi?"

"Kimekwisha, mama. Vilikuwa vitabu vikuukuu vya shule, niliuziwa mzigo mzima."

"Haukubaki hata ukurasa mmoja?"

"Labda uzunguke nyumba kwa nyumba, uwaombe watu chumvi pamoja na karatasi yake."

Waliokaa barazani wakacheka. Mmoja akasema, "Wenzio wanatafuta chumvi, huyu anatafuta kifungashio!" Nikaondoka bila kuaga.

Kwetu Wayunani tuliwajua kanisani tu. Mitume waliwahubiria, na mchungaji alipenda kutuambia neno hili kwa Kiyunani ni hivi na hivi. Nikafikiri, kama ni habari za Wayunani, basi zitakuwa kwenye kabati la kanisa. Nikamwendea mzee wa kanisa nyumbani kwake.

"Kamwene."

"Kamwene, mwanangu. Una shida gani?"

"Naomba kitabu cha miungu ya Wayunani."

Akaweka kikombe chini. "Miungu?"

"Yule wa mazao, na yule wa chini ya ardhi."

"Wa chini ya ardhi unamtakia nini?"

"Nataka kujua kama alimwachia mtoto."

Ningekuwa na akili ningeanza kwa kumwonyesha karatasi. Siku zile kina mama waliofiwa walikwenda kwa siri makaburini na unga na pombe ya ulanzi, kuwaomba wazee waliotangulia, na kanisa lilikuwa likiwasaka. Mzee alisikia miungu, ardhi, mtoto. Yaliyobaki akayamalizia mwenyewe. Jumapili iliyofuata nilitangazwa mbele ya watu wote kuwa nimewekwa chini ya marudi, nisikaribie meza ya Bwana. Karatasi nilimpelekea baadaye. Aliinusa, akasema chumvi haikuitakasa.

Benchi la nyuma ndilo la waliorudiwa, na msimu ule nililikalia peke yangu. Wanawake nilioimba nao walinipita wakitazama vitabu vyao vya nyimbo, kana kwamba hawajawahi kuviona. Nyumbani wifi zangu walisema nami mambo ya kuni na maji tu. Mume wangu nilimwandikia barua mbili. Hakuna iliyojibiwa.

Mvua ikapiga. Majirani wakapanda, mahindi yao yakachomoza. Shamba letu likaota majani.

"Wifi," mkubwa alisema, "mbegu zipo, mvua ipo. Tunangoja nini?"

"Ngojeni."

"Au mwaka huu tutakula karatasi?"

Mdogo akamfinya anyamaze, asije akala kofi langu. Sikumpiga. Alikuwa amesema kweli.

Nilisikia kwamba Njombe yuko mwalimu wa kike mwenye sanduku la vitabu. Nikajitwika viazi vichache vilivyokuwa vimebaki, maana mikono mitupu inaaibisha, nikaenda. Mwalimu aliitazama karatasi yangu akacheka, si kwa ubaya.

"Dada, kitabu hiki ninacho. Hakina jalada, lakini kurasa zipo. Na Warumi nao waliichukua hadithi hii hii, wakabadili majina tu. Nikusomee?"

"Nitasoma mwenyewe."

Nilisoma kizingitini, kidole juu ya neno, mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia. Binti alirudi. Lakini kule chini alikuwa amekula punje chache za tunda linaloitwa komamanga, na aliyekula cha kuzimu ni wa kuzimu. Ikabidi kila mwaka akae miezi kadhaa kwa mama yake, miezi kadhaa huko chini.

"Alizuiwa kwa sababu alikula," nikasema.

"Ndiyo."

"Wangu hakula kitu. Siku tatu, hata kijiko."

Mwalimu alivikunjakunja vidole vyake. Kisha akakichukua kitabu, akakirudisha sandukuni. Nililala jikoni kwake, asubuhi nikashika njia.

Njiani nilikuwa na hasira na Wayunani. Halafu nikakumbuka mstari mmoja ambao nilikuwa nimeuruka haraka: wakati yule mama anazunguka, watu walikufa njaa. Mstari mmoja tu. Hawakusemwa ni kina nani, walikuwa na nani ndani ya nyumba zao. Mimi nilikuwa na wasichana wawili wa watu, na mvua ilikuwa imeshakula wiki nne. Wangu hatarudi, si miezi kadhaa wala siku moja.

Niliwakuta wifi zangu wanamenya viazi vya kuomba kwa jirani. Sikuketi.

"Teremsheni mbegu darini," nikawaambia. "Kesho alfajiri kila mtu na jembe lake, tunaanza na shamba la bondeni. Nikilia, nyie limeni."