Shikamoo Kabla ya Hitilafu

Fundi aliyepanga chumba nyuma ya stendi ya Same ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu inayoendesha pampu ya maji kule Msangeni. Pampu ikigoma, maktaba ya lugha hiyo, yaani hazina yake ya programu ndogo zilizo tayari, hurudisha namba tupu ya hitilafu: hasi nne, hasi kumi na moja. Yeye huichukua namba, huiuliza maktaba maana yake, kisha huigeuza iwe Kiswahili cha kumfaa mtunza pampu, ambaye ni mama yake mzazi. Akiandika, midomo humcheza, sauti haitoki. Na kwa kuwa mtu mzima hapewi habari mbaya kabla ya salamu, kila ujumbe ambao mashine itamtumia mama kwenye simu ameuanza hivi: "Shikamoo mama. Maji hayapandi, funga koki ya chini." Huusoma, huufuta, huuandika upya, chai ikimpolea pembeni.

Jana alasiri simu iliita. Mama hakumngoja aseme.

"Mashine yako imeniamkia mara tatu leo. Wewe mara ya mwisho ni lini?"

"Shikamoo mama," alisema, na sauti ikamtoka ikikwaruza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.