Kicheko Kwenye Kilio cha Baba

Baba alifika Kolwezi mgongoni mwa mama yake, kutoka Kasai, akachimba shaba mpaka kifua kilipomkataa. Mimi nilizaliwa hapa. Bado naulizwa kwetu ni wapi.

Jirani yetu, mama mmoja Mlunda wa Sandoa, alikuwa mtani wa baba. Huku mtani ana kazi yake kwenye kilio: humtukana marehemu, huziba njia ya jeneza mpaka apewe kitu, na hakuna anayekasirika. Siku tulipomtoa baba, jirani alijilaza mlangoni na kitenge chake, akamsemesha marehemu:

"Tata, amuka. Treni ya Kasai iko inakungoja. Nani alikuambia ulale mu udongo yetu?"

Mama, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu msiba ulipoingia, alicheka mpaka akashika ukuta. Sote tulicheka. Yule mtani akapewa soda, akainuka, akalia kuliko sisi wenye maiti. Ni yeye aliyeficha vitanda vyetu nyumbani kwake, miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa mjini hapa warudi kwao, wakalala stesheni na watoto wao wakingoja treni.

Niliandika hayo. Sikusoma sana, lakini parokiani walitangaza kwamba kuna kitabu kinatengenezwa cha maisha ya watu wa Kolwezi, na nilitaka baba awemo, kama mtu wa hapa.

Mhariri, kijana wa Lubumbashi, aliniletea kurasa kabla ya kuchapa. Matusi yalikuwemo yote. Kicheko hakikuwemo. Soda, machozi ya jirani, vitanda, vyote vilikuwa vimetolewa, na mahali pake kuna sentensi ambayo si yangu: tuliinamisha macho kwa woga.

Nilimwambia hatukuogopa. Akanijibu kwa upole, kama anayemlisha mgonjwa, kwamba wasomaji wanatafuta kidonda, na kicheko kinakifunika. Akaomba pia niongeze mashimo ya mgodi wa Mashamba na mtoto aliyebeba gunia la mawe. Kwenye kilio cha baba hapakuwa na mtoto wa gunia. Mate yalinijaa kama niliyeuma nyama iliyooza. Alikuwa amewatafuna baba na jirani yake, akabakiza mifupa aliyoipenda.

Nilisema arudishe kicheko au aniachie karatasi zangu. Aliniachia karatasi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani, nikamkuta anachambua sombe, majani ya muhogo, kwenye mkeka. Nilimsomea alivyoandikwa. Mikono yake ilisimama juu ya majani. Akauliza kama watu wangesoma hivyo kweli, kwamba alimchukia baba. Nikasema wangesoma hivyo, ila sasa hawatakuwemo, si yeye wala baba.

"Ona," akasema, "hata mu kitabu mugeni amekosa kiti. Ikala hapa, unisaidie hii sombe."

Akasogea, nikakaa. Mate yale bado yalikuwa mdomoni.