Udongo wa Zizi la Maganga

Mvua za mwaka ule zilipoipiga Kishapu, nyanya za kila bustani zilioza, isipokuwa za Chausiku. Zake zilikuwa ndani ya nyumba ya nailoni. Mapadri waliofunga kituo chao walimwachia nailoni hiyo, naye akaitandaza juu ya fito na kuifunga kwa kamba za katani. Kisha nazo zikaanza kunyauka zingali za kijani, mche mmoja leo, wa pembeni yake kesho.

Bwana shamba, Donatus, alikata shina moja akalitumbukiza kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe kama maziwa ukashuka polepole. Akamweleza kwamba ugonjwa umo ardhini; apande kwenye madebe, kwa udongo wa zizi kuukuu uliochanganywa na mchanga.

"Zizi kuukuu la karibu ni moja tu," Chausiku akasema. "Yumo Maganga."

Chausiku alikuwa mtoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Kagongwa. Aliolewa na Maganga, Msukuma mwenye ng'ombe, akajifunza kukamua na kutukana kwa Kisukuma. Maganga alipofariki, ukoo wake ulimzika zizini, kama anavyozikwa mwenye mji, na jiwe likawekwa juu. Muda si mrefu watu wote wakahamishiwa kijiji kipya, mji wa Maganga ukabaki mahame ng'ambo ya korongo. Kaka yake Chausiku, Akida, alimtumia salamu mara kwa mara arudi kwao. Chausiku alijibu kwamba nyanya zinamlisha. Hakusema kwamba anabaki kwa ajili ya lile jiwe, ingawa Akida alijua. Nyanya zikifa, angerudi Kagongwa akale kwa wifi yake.

Donatus alimsihi wachimbe pembeni tu, mbali na kaburi.

"Siwezi kumtia mume wangu kwenye debe, bwana shamba."

Basi akachagua njia yake. Aling'oa miche yote, akachoma mabua juu ya matuta, akamwaga majivu, akapanda upya palepale. Donatus hakubishana. Alimwomba ruhusa tu ya kuweka madebe machache mlangoni, apate kulinganisha. Udongo aliuagiza kwa Stanslaus, mwenye gari la ng'ombe, aliyehamia kutoka upande wa Geita na kuwauzia watu samadi. Chausiku alikubali, mradi usitoke kwa Maganga, na Donatus akamwambia Stanslaus alete wa zizi lolote jingine.

Miche ya madebe ilipanda kamba kwa pupa. Ya matuta ilianza kuinamisha vichwa. Asubuhi moja Chausiku alimkuta Stanslaus akishusha samadi kwa jirani, akamsalimu, akamuuliza anaitoa wapi.

"Ng'ambo ya korongo, mama, nazungukia kule juu kwenye kivuko. Kuna zizi la mahame pale, halina mwenyewe. Lile jingine la mbali limeisha zamani."

"Kulikuwa na jiwe."

"Lilikuwa likinivunjia jembe. Nikalivingirisha korongoni."

"Ulikuta nini chini yake?"

"Udongo tu. Udongo mzuri sana."

Tangu mvua zianze korongo lilikuwa limejaa na hakuwa amevuka. Siku hiyo alivuka kwa miguu, maji yakimfika kiunoni. Alikuta shimo pana lililojaa maji ya mvua, na ng'ombe wa mtu wakinywa. Alizunguka akitafuta mahali pa kusimama aseme hapa ndipo. Hakupaona.

Donatus aliposikia alikuja mbio kutaka kuyamwaga madebe.

"Ukayamwage wapi?" Chausiku akamuuliza. "Nusu yake Maganga iko kwenye michicha ya kijiji kizima. Acha hiki kilichonifikia."

Akaing'oa miche ya matuta mwenyewe. Akaagiza madebe mengine, na Stanslaus akapelekewa habari kwamba samadi yote iliyobaki itanunuliwa na mama wa nailoni, asipewe mwingine.

Akida alikuja mwishoni mwa mvua, na mkeka mpya wa dada yake tayari garini. Alimkuta akifunga mashina, akamwambia kwa upole kwamba sasa hata kaburi halipo, anamkalia nani?

"Nenda salama, kaka," akasema. "Mimi nimeolewa hapa."

Wanawake walikuja na vikapu kununua nyanya. Yeye alikuwa amesimama kati ya madebe, viganja wazi, akisoma Fatiha. Wakangoja nje mpaka amalize.